Hendibreki ya Kuonekana

Modesta alijua tangu Jumanne kwamba hendibreki ya pikapu ya mwanawe haishiki kitu. Mpaka Ijumaa, watu walipoanza kupanda juu ya mizigo yao pale Msalabani, kituo cha juu mlimani, alikuwa hajamwambia hata mmoja. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye maneno yalikuwa mengi. Wengine walilisingizia jiwe, wengine mvua, na walio wengi wakamsingizia Prisca.

Pikapu yenyewe ilikuwa Landrova ya aina ya mia na tisa, aliyoinunua marehemu mumewe, Alois, ikiwa imeshazeeka tayari. Injini yake ya kwanza ilikufa, Alois akaweka ya dizeli kutoka kwenye gari jingine, lakini giaboksi akaiacha ile ile ya zamani. Hakutaka kusikia habari ya kuibadilisha. Ilikuwa na gia ndogo, ile yenye kijiti chake cha pembeni, ambayo ukiiweka gari linatambaa kwenye mteremko kama kinyonga hata likibeba kabichi hadi juu ya kichwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Gia ya pili ilikuwa inachomoka. Unashuka umetulia, mara kijiti kinaruka "ka!" na gari linabaki halina kitu cha kulishika isipokuwa breki ya mguu.

Dawa yake ilikuwa mkono wa Modesta. Alikaa katikati, baina ya mumewe na mlango wa kushoto, na tangu Msalabani mpaka tambarare ya Mlali alikikandamiza kijiti kile kwa kiganja kisichomoke. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Alois alipofariki, Agustino akashika usukani, na mama yake akabaki pale pale katikati. Wanawake waliopanda juu walimwita Mama Gia.

"Mama Gia, leo umekula vizuri?" walimpigia kelele. "Tusije tukalala korongoni kwa ajili ya ugali mdogo!"

"Nimekula, ila nyie mnazidi kunenepa," aliwajibu, na gari linaondoka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mkono huo ulijifunza. Giaboksi ile ukiegesha ukaiacha ndani ya gia, ilikuwa inang'ang'ania, haitoki mpaka uchukue nyundo. Kwa hiyo amri ya Alois ilikuwa moja: kila gari likisimama, mkono wa Modesta utoe gia, uweke frii, yaani gari lisishike gia yoyote, kisha uvute hendibreki mpaka juu. Hendibreki ya gari lile ilikuwa na sifa Mgeta nzima. Ilishika kwenye mlima wowote. Dereva anashuka, anakunywa chai, anarudi, gari halijasogea hata unene wa kidole.

Mwezi wa tatu mwaka huu, kwenye kona ya chini ya misheni, kijiti kiliruka kwa nguvu kikamtegua Modesta kifundo cha mkono. Agustino akasema basi.

"Sitaendesha gari linaloshikwa na mikono ya mama yangu kama ng'ombe wa kukamuliwa. Nabadilisha giaboksi."

"Baba yako…"

"Baba hakuwahi kupakia vitunguu Dumila, mama. Mimi nataka lami. Gia nne tu, na lami yote ile, gari linalia kama linachinjwa. Nataka gia tano."

Mkono wa Modesta ulikuwa umefungwa kitambaa, na kusema kweli alikuwa amechoka.

Fundi alikuwa Idrisa, mwenye gereji ndogo Mafiga, mjini, mtu wa maneno machache ambaye Alois alimwamini. Agustino alishapata giaboksi ya gia tano, ya jamii moja na ile injini, kwa hiyo zilikutana bila kuunganishwa na kipande chochote katikati. Modesta alifuatana na mwanawe, akakaa siku mbili kwenye benchi la gereji na mkono wake uliofungwa, akitazama. Aliona ile ya zamani ikishushwa kwa jeki, nzito, ndefu, na nyuma yake imeshikamana na sanduku la gia ndogo, na nyuma kabisa ya sanduku kuna ngoma ya chuma. Kisha akaiona mpya ikipandishwa, fupi, safi, haina sanduku wala ngoma. Propela, ule mhimili unaozungusha matairi ya nyuma, ilibidi ipelekwe kurefushwa. Sakafu ya gari ikakatwa tundu jipya ili kijiti kipite.

Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa juu ya kitu hicho hawezi kuona ngoma imebaki chini asiulize.

"Idrisa, mwanangu, na hii ya mviringo inarudi wapi?"

Idrisa akafuta mikono kwenye tambara. Akamtazama Agustino kwanza.

"Mwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Basi nitamwambia mimi. Mama, hiyo ngoma ndiyo hendibreki. Kwenye haya magari ya zamani hendibreki haishiki matairi, inashika hapo, nyuma ya giaboksi. Nikiondoa giaboksi ya zamani, hendibreki imekwenda nayo. Gari sasa hivi halina."

"Halina kabisa?"

"Halina. Nishamwambia tangu jana. Dawa yake ni kufunga kebo mpaka kwenye matairi ya nyuma, na hizo breki za nyuma nizibadilishe zikubali kebo. Vifaa nimeagiza, wiki mbili. Na gia ndogo nayo hana tena, hiyo ndiyo imekwisha. Kwa wiki mbili hizi akae kwenye lami. Dumila, mjini, Dumila, mjini. Mlimani asiguse."

"Nimekuelewa, Idrisa, si mara ya kwanza unasema," Agustino akajibu akicheka. "Unanitisha mama yangu bure."

Idrisa alikuwa ameshika spana, akainama ndani ya kichwa cha gari ili afungue kile kijiti cha hendibreki akitoe, kisimdanganye mtu. Agustino akamshika bega.

"Hicho kiache."

"Kikae cha nini? Hakijafungwa popote."

"Cha kuonekana. Askari barabarani akichungulia aone kipo. Wiki mbili tu, Idrisa, hebu acha ubishi."

Idrisa alikiacha. Alikosea, na baadaye alikiri mwenyewe. Kijiti kikabaki mahali pake, ukikivuta kinapanda "tra-tra-tra" kama kawaida, kinabaki juu, na chini yake hakuna kitu.

Jumanne hiyo hiyo wakalijaribu gari barabara ya Dumila. Lilikwenda kama maji. Gia zote tano ziliingia laini, na hakuna iliyochomoka. Agustino alikuwa anaimba. Modesta alikaa katikati na mikono mapajani, hajui aiweke wapi.

"Umeona, mama? Umestaafu!"

"Nimeona. Utaniahidi hutapanda mlimani?"

"Nimekuahidi."

Aliahidi Jumanne. Alhamisi asubuhi simu ililia kutoka juu. Lori lililokuwa linakuja kubeba mboga za wiki limeharibika njiani, na Msalabani kabichi zimeshakatwa, zimerundikwa chini ya maturubai, na mvua inakuja. Bibi Scholastika, mzee wa watu, ana salfeti zake nane za mzigo. Watu wanauliza, Agustino si alisema gari linapona Jumanne? Au giaboksi mpya ni ya Dumila tu, sisi tuliombebea baba yake jeneza hatufai?

Neno hilo la mwisho lilimchoma Agustino. Alikata simu akamtazama mama yake.

"Mara moja tu. Napanda leo, nalala nyumbani, kesho napakia nashuka. Naegesha ndani ya gia, naweka jiwe kwenye tairi. Nani huko juu asiyeweka jiwe? Na hii giaboksi haing'ang'anii, naiacha kwenye gia ya kwanza, inashika yenyewe."

"Na kushuka bila gia ndogo?"

"Nitashuka na gia ya kwanza, polepole."

"Waambie basi watu. Waambie hendibreki hakuna."

"Mama." Alitia simu mfukoni. "Nikiwaambia, hakuna atakayepanda. Na watasema nini? Watasema Alois aliacha gari zima, mwanawe kalikata breki ili akimbilie vitunguu. Tafadhali usiniaibishe. Wiki mbili tu, kebo inafungwa, hakuna atakayejua."

Wewe mwenye mtoto unajua neno "usiniaibishe" linavyofanya kazi kwenye kifua cha mama. Modesta aliingia garini. Akajiambia atakuwepo mwenyewe, ataangalia mwenyewe, na jiwe atalichagua yeye.

Na jiwe kweli alilichagua. Ijumaa saa tatu asubuhi Agustino aliegesha gari likiwa limeelekea mteremkoni pale Msalabani, kwenye njia panda yenye msalaba wa chuma, akaweka gia ya kwanza, akazima. Modesta akaleta jiwe bapa, kubwa, la kubebwa kwa mikono miwili, akalikandamiza chini ya tairi la mbele kwa mguu. Gari halikusogea. Akapumua.

Sasa, kuna desturi ya Msalabani ambayo mgeni hawezi kuijua. Jiwe la tairi na jiwe la kupandia ni moja. Ukingo uliokuwa unatumika kama ngazi ulichukuliwa na mvua zamani, kwa hiyo gari likifika huwekewa jiwe, hendibreki ikishavutwa jiwe huondolewa, huletwa nyuma, na wazee hulikanyaga kupanda juu ya mizigo. Imekuwa hivyo tangu enzi za Alois. Hakuna aliyewahi kuona hatari, kwa sababu hendibreki ya gari lile ilishika.

Modesta alikuwa anajua desturi hiyo. Na ndiyo maana alibaki karibu na tairi, akizuga kama anafunga kanga. Wanawake walikuja wakimtania.

"Mama Gia! Tunasikia umefukuzwa kazi."

"Nimefukuzwa. Nimebaki kula mshahara wa bure."

"Huo mkono sasa utakamua nini? Katafute mbuzi!"

Akacheka nao. Mara tatu alifungua mdomo kuwaambia. Mara ya kwanza Agustino alikuwa karibu anapanga salfeti za karoti, anamtazama. Mara ya pili Yuliana, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, alikuwa anamsifu: "Mwanao huyu kamtoa baba yake kaburini, gari linanguruma kama jipya." Mara ya tatu hakuna aliyemzuia. Alinyamaza tu mwenyewe.

Kufika saa tano mzigo ulijaa. Wanawake wawili walikuwa wameshakaa juu. Manyunyu yakaanza. Agustino alikuwa mbele anafunga kamba kwenye chuma cha kuzuia mzigo. Akamwambia mama yake bila kugeuka:

"Mama, ingia ndani usilowe. Tunaondoka."

Modesta akaingia kwa mlango wa kushoto, akajisogeza mpaka katikati, mahali pake. Na hapo mkono wake ulifanya kazi yake. Hakuuambia. Hakuwa anafikiri giaboksi, alikuwa anafikiri mvua, na Scholastika atakavyolowa kule juu. Mkono ukashika kijiti cha gia, ukakitoa kwenye gia ya kwanza. Kilitoka laini kabisa, si kama kile cha zamani. Ukakitikisa kushoto na kulia kuhakikisha kiko frii, kama ulivyofanya kila kituo kwa miaka kumi na tisa. Kisha ukashika kijiti cha hendibreki ukakivuta. Tra-tra-tra. Mpaka juu.

Gari likabaki limeshikwa na jiwe peke yake.

Prisca alikuwa nyuma na bibi Scholastika. Prisca ni binti wa miaka ishirini na sita, mjukuu wa jirani, mtu wa kusaidia kila mzee bila kuombwa. Akaja mbele mpaka kwenye tairi, akainua uso dirishani.

"Mama, hendibreki umepiga?"

"Nimepiga," Modesta akajibu.

Alijibu ukweli wa mkono. Prisca akainama, akaling'oa jiwe, akaondoka nalo kuelekea nyuma. Aliliweka chini, bibi Scholastika akaweka mguu juu yake, akashika ubao wa bodi, akajiinua. Uzito wake ulikuwa mdogo, lakini gari lililosalia kushikwa na kijishimo cha tope chini ya matairi halihitaji zaidi. Lilianza kusogea.

Modesta aliona msalaba unasogea kwenye kioo. Akafikiri ni msalaba unaosogea. Kisha akasikia kelele nyuma, ya bibi Scholastika, kelele fupi, na ndipo akaelewa yote kwa pamoja, hata lile alilojibu. Akavuta hendibreki tena. Ikapanda. Haikuwa na cha kushika, lakini ikapanda. Akaishusha, akaivuta tena.

"Mama! Mguu! Kanyaga breki!"

Agustino alikuwa anakimbia ubavuni mwa gari. Modesta hajawahi kukaa kwenye kiti cha dereva maisha yake yote. Alinyoosha mguu wa kulia akakanyaga alichokipata, akakanyaga klachi. Agustino alifungua mlango, akarukia ukingo wake, nusu ndani nusu nje. Hapo njia inaanza kukunja. Upande wa kulia ni mlima, na upande wa kushoto chini kuna mashamba ya ngazi na chini yake mto.

"Mlimani!" Agustino akapiga kelele. "Vuta mlimani!"

Wakaushika usukani wote wawili wakauvuta kulia. Gari likapanda ukingo wa udongo, likagonga mwamba, likasimama. Lilikuwa limekwenda hatua kama arobaini. Wanawake wawili wa juu waliangukia kabichi, wakatoka na michubuko. Bibi Scholastika alikuwa amekaa barabarani kule juu, ameshika mkono uliovunjika mahali pawili. Na Agustino hakuweza kushuka. Mlango ulikuwa umembana mguu wake kwenye mwamba.

Kumtoa kulichukua muda. Hakulia. Alipotolewa, alipolazwa kwenye turubai la kabichi, mguu umeelekea pasipofaa, alimshika mama yake kanga akamvuta karibu.

"Mama, usiseme."

Ndivyo alivyosema kwanza, kabla ya kuomba maji.

Walipelekwa hospitali mjini kwa gari la misheni. Walikaa siku tatu. Agustino akafungwa mguu plasta mpaka pajani, bibi Scholastika mkono. Huku nyuma, Msalabani, watu walikuwa wanatafuta kilichotokea, na hawakutafuta mbali. Jiwe liliondolewa na nani? Prisca. Aliambiwa na nani? Hakuambiwa na mtu, kalitoa mwenyewe.

Prisca alijitetea. "Nilimuuliza mama Agustino, akaniambia kapiga hendibreki."

"Sasa kama alipiga, gari liliondokaje?" Yuliana alimwuliza. "Hendibreki ya Alois tunaijua wote. Binti, umemvunja mkono bibi wa watu, usiongeze na uongo."

Modesta aliporudi Jumatatu akayasikia yote hayo njiani, kabla hajafika kwake. Watoto walikuwa wanamzomea Prisca kisimani wakimwita Mtoa Jiwe. Mama yake mdogo alimkataza kupika, kana kwamba mikono yake ina nuksi. Bibi Scholastika peke yake hakusema neno juu yake. Alisema tu anaumwa.

Agustino alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu juu ya mto.

"Umesikia wanavyomsema Prisca?" mama yake akamwuliza.

"Nimesikia."

"Aliniuliza. Nikamjibu."

"Mama, watu husahau. Wiki mbili, tatu. Sisi tukisema, hawatasahau. Hakuna atakayenipa mzigo tena, mlimani wala Dumila. Na leseni je? Unataka nikae hivi hivi, na mguu huu?"

"Na yeye akae vipi?"

Agustino akageukia ukuta.

Jumanne Modesta alikwenda shambani. Njiani alikutana na Prisca, ana ndoo kichwani. Prisca akasimama, akapiga goti kidogo kama kawaida yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Prisca alisubiri. Alikuwa na haki ya kusubiri. Ndoo ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yanamtiririka shingoni, na hakuishusha wala hakuondoka, anamtazama tu mama wa watu aongeze neno. Modesta akasema jua kali. Prisca akasema ndiyo mama, jua kali, akapita.

Usiku huo Modesta hakula. Jumatano saa kumi jioni ilikuwa siku ya jumuiya, na zamu ilikuwa nyumbani kwa Yuliana. Walikuwa watu kumi na wanane, wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Prisca alikaa karibu na mlango, na pande zote mbili zake mkeka ulikuwa wazi. Agustino alikuja kwa magongo, kwa sababu kutokuja kungesemwa. Wakasali, wakasoma. Yuliana akauliza kama kuna mwenye nia ya kuombea. Mmoja akamwombea bibi Scholastika, mwingine Agustino. Mwingine akasema tuwaombee vijana wetu wajifunze kuwa waangalifu na vitu vya watu, na macho kadhaa yakaelekea mlangoni.

Modesta akasimama.

"Mimi sina nia. Nina neno."

"Mama," Agustino akasema kwa sauti ya chini.

"Gari la mwanangu halikuwa na hendibreki. Ilitoka pamoja na giaboksi ya zamani. Fundi alituambia wote wawili, mimi nikiwa nimekaa hapo, nasikia kwa masikio haya. Akatukataza kupanda mlimani. Kile kijiti mnachokiona ni cha kuonekana tu, hakijafungwa popote."

Prisca aliinua kichwa.

"Jiwe lilikuwa limeshika, na gia ilikuwa imeshika. Gia niliitoa mimi. Sikukusudia, ni mkono umezoea. Prisca alikuja dirishani akaniuliza kama nimepiga hendibreki. Nikamwambia nimepiga. Hakutoa jiwe mpaka nilipomjibu. Basi."

Akaketi. Yuliana alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo na hakujua akifungue au akiweke chini.

Prisca ndiye aliyeongea, palepale mlangoni, bila kusimama.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Jumanne. Siku tatu kabla."

"Na jana njiani ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia jua kali."

"Nikakuambia jua kali."

Prisca akainuka, akakung'uta kanga, akatoka. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe, na Modesta hakumfuata. Bibi Scholastika, na mkono wake kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ya kizee: "Yuliana, na wewe una deni kwa mtoto huyo. Wote mnalo." Kisha akamtazama Agustino. "Na wewe, mjukuu wangu. Ungeniambia halina, ningeshuka kwa miguu. Nilishuka kwa miguu miaka mingi kabla baba yako hajajua kuendesha."

Kurudi nyumbani Agustino alikwenda mbele na magongo yake, haraka kuliko ilivyofaa kwa mguu ule. Hakuzungumza na mama yake siku sita. Chakula alikula, alichopewa akapokea, lakini neno hakulitoa. Siku ya saba akampigia Idrisa simu, na Modesta akasikia sauti ya fundi ikitoka kwenye simu kali kama ya baba mtu. Idrisa alisema hilo gari halishuki mlima hata hatua moja. Kama halishuki, basi atapanda yeye.

Akapanda kwa bodaboda na kebo imezungushwa begani na breki za nyuma kwenye gunia. Alifanya kazi siku mbili pale kwenye mwamba, gari limewekewa magogo manne. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kushika tairi, aliingia ndani akafungua kile kijiti, akakitoa nje, akakiweka juu ya bodi kila mtu akione. Alisema ilimpasa kukitoa Mafiga. Hakikurudi ndani mpaka kebo ilipokuwa imefungwa kwenye matairi.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeleta mzigo. Agustino akatafuta dereva wa kumshikia usukani mpaka mguu upone, gari likashuka tupu. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu, Ijumaa, Prisca alikuja Msalabani na salfeti mbili za njegere. Akaziweka chini mbali kidogo. Akamwita dereva, akamwambia atoe gia, avute hendibreki, kisha ashuke aje asimame nje. Dereva akafanya. Prisca akaondoa jiwe mwenyewe, akasimama nalo mikononi, analitazama tairi.

Watu wengine walikuwa wamejipanga nyuma yake na mizigo yao, na hakuna aliyemharakisha. Modesta naye alikuwa kwenye mstari, wa mwisho, na tenga lake la karoti.